Rekodi ya Nukta Tatu

Katika Tanga ya mwaka themanini na nne sukari ilikuwa haipatikani, sabuni haipatikani, na unga uliopatikana ulikuwa ule wa njano ambao watu waliubatiza jina la Yanga, timu ya jezi za njano. Lakini stopwochi ilikuwepo. Ilikuwa moja tu, na ilining'inia shingoni mwa Bwana Idarusi, afisa michezo.

Aliipata Ujerumani ya Mashariki alikopelekwa kozi ya miezi sita. Wenzake walirudi na redio na makoti. Yeye alirudi na chombo cha chuma kinachong'aa, cha kutiwa ufunguo, chenye uwezo wa kuigawa sekunde moja mafungu kumi. Mafungu kumi! Mji ambao meli ikitangazwa kufika Jumanne watu huanza kuitazamia Ijumaa, sasa ulikuwa na mtu wa kuugawia sekunde. Kila alfajiri akishasali aliitia ufunguo mizunguko kumi na minne, hazidishi wala hapunguzi. Aliivaa ofisini, aliivaa harusini, na siku moja aliivaa makaburini, ikawa inagonga kifuani mwake wakati wenzake wanaitikia dua.

"Mume wangu anaijua sehemu ya kumi ya sekunde," mkewe Mwanasiti alikuwa akiwaambia mashoga zake, "lakini foleni ya sukari kila akifika, imekwisha."

Idarusi alisikia, akaendelea kuipangusa saa yake. Alikwisha jiambia kwamba sayansi haijadiliwi na wanawake. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa na cheo kidogo, na cheo kidogo kina njaa kuliko kikubwa: mwenye kikubwa hutazamwa hata akilala, lakini mwenye kidogo lazima kila siku atafute wa kumtazama.

Mwaka huo yalipangwa mashindano ya riadha ya mkoa, na safari hii yalikuwa na maana. Msichana ambaye angekimbia mita elfu moja na mia tano chini ya dakika nne na nusu angeitwa Dar es Salaam, kwenye kambi ya timu ya taifa, na wawili wa kwanza wa kambi hiyo wangepanda ndege kwenda kushindana ng'ambo. Na msichana wa kuifanya kazi hiyo alikuwepo. Jina lake Praxeda, mtoto wa Mzee Manase, mkata mkonge wa shamba moja ng'ambo ya Pongwe, Mbena aliyeletwa pwani enzi za manamba, vibarua wa mikataba wa mashambani, akazeekea huku. Mzee Manase alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa maneno machache. Binti yake alikuwa akianika singa za mkonge, na kila jioni baada ya kazi alikimbia peku kwenye njia za matrekta, ambayo nayo yalikuwa yamelala kwa kukosa dizeli. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa hajawahi kupimwa na saa yoyote.

Uwanja ulikuwa Raskazone, penye miti ya mivinje, karibu na bahari. Mistari ya kukimbilia ilipaswa kuchorwa kwa chokaa ya Pongwe, lakini lori la kuileta halikuwa na mafuta, wakachora kwa majivu. Urefu wa mzunguko ulipimwa kwa kamba ya katani, ambayo asubuhi yenye umande hufupika na mchana wa jua hurefuka. Idarusi hakuyajali hayo. Yeye alikuwa na sehemu yake ya kumi ya sekunde.

Mgeni rasmi alitazamiwa saa tatu. Saa nne hakuwepo. Saa tano, wanafunzi waliopangwa juani kumwimbia walipoanza kuanguka mmoja mmoja, ikaamuliwa mbio zianze na mheshimiwa atazikuta zilipofika. Bunduki ya kuanzishia haikuwa na risasi, kwa hiyo Idarusi alipiga filimbi kwa mkono wa kushoto na kubonyeza saa kwa kulia. Wasichana tisa wakatoka.

Mzunguko wa kwanza Praxeda alikaa nyuma ya wenzake kama anayewasindikiza. Wa pili akawapita wanne. Wa tatu akabaki peke yake, na watu waliokuwa wamejilaza chini ya mivinje wakaanza kuinuka. Idarusi alisimama penye mstari wa kumalizia, mkono umekunjwa mbele ya kifua, kidole gumba juu ya kitufe. Kwa mara ya kwanza tangu arudi Ujerumani alikuwa na kitu cha kupima kinachostahili chombo chake.

Hapo ndipo gari la mgeni rasmi lilipoingia uwanjani.

Liliingia na vumbi lake, likasimama hatua chache nyuma ya mstari. Mheshimiwa akashuka, suti ya Kaunda, kitambi mbele, akawaona watu wamesimama. Walikuwa wamesimama kwa ajili ya Praxeda, lakini mkubwa akiona watu wamesimama hajiulizi sababu. Akatabasamu. Akaanza kupeana mikono na aliye karibu naye zaidi, naye alikuwa Bwana Idarusi.

"Hongereni kwa kazi nzuri," mheshimiwa alisema, mkono ameunyoosha.

Sasa mtu afanye nini? Mkono wa kulia una saa. Mkono wa kushoto una kazi zake zinazojulikana, na kumpa mkubwa mkono huo si salamu, ni tusi. Kusema "Ngoja kidogo, mheshimiwa" halikumjia hata akilini. Mpaka leo ukimuuliza atakuambia maneno hayo hayapo katika lugha yetu. Akaihamisha saa kwenda mkono wa kushoto upesi upesi, na katika kuihamisha, gumba likabonyeza. Tk.

Akakipokea kiganja cha mheshimiwa, kilaini kama andazi. Akainama. Alipoinua uso alimwona Praxeda kule mbali, ndiyo kwanza anapita nguzo ya goli ya upande wa baharini, peke yake, miguu haigusi chini. Mheshimiwa alikuwa bado hajamwachia mkono. Alikuwa akimuuliza habari za familia.

Praxeda alipoukata mstari uwanja mzima ulipiga kelele. Mgeni rasmi naye akapiga makofi, akachukua kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma, akauliza, "Haya, afisa wetu, huyu binti katumia muda gani?"

Watu elfu mbili wakamgeukia. Idarusi akaitazama saa. Angeweza kusema kwamba muda haukupatikana. Angeaibika kwa siku moja, Mwanasiti angecheka kwa wiki, na mbio zingerudiwa Jumamosi ya pili, tena bila mgeni. Badala yake akasoma kilichoandikwa. Alijiambia kwamba kusoma si kudanganya.

"Dakika nne," alisema, na sauti yake ikarudi kutoka upande wa bahari, "sekunde kumi na moja, nukta tatu."

Ile nukta tatu ndiyo iliyowamaliza. Angesema dakika nne na kitu, wangemtilia shaka. Lakini nani atabishana na nukta tatu? Mgeni rasmi alimkumbatia. Praxeda alibebwa juu juu na wanawake wa shambani kwao, akapewa doti ya khanga na kilo tano za sukari, ambazo baba yake aliziangalia sana kabla ya kuamini. Wiki iliyofuata rekodi ilipakwa rangi kwenye ubao nje ya ofisi ya michezo, na chini yake, kwa herufi ndogo lakini si ndogo sana, *Mpimaji: Idarusi*.

Siku tano baadaye ikaja barua kutoka kambini. Makocha walikuwa wameshtuka. Muda kama ule hawakuuzoea hata kwa wasichana wao wazoefu. Waliandika: tafadhali thibitisha kama muda huu ulipimwa kwa chombo cha uhakika. Hapa palikuwa na mlango wazi kabisa. Hapakuwa na umati wala kipaza sauti, palikuwa na mtu na taipureta yake. Idarusi aliivua saa shingoni, akaipindua, akasoma jina la kiwanda, akaiweka mezani. Kisha akachapa: *Nathibitisha kwamba muda huo ulipimwa kwa chombo cha uhakika.* Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo. Ukitaka kuuona uongo uliooga ukavaa kanzu ukaenda Ijumaa, ndio huo.

Praxeda akaenda Dar es Salaam. Walimkimbiza siku ya tatu, makocha watatu kwa saa tatu, na saa zote tatu zikakubaliana: dakika nne, sekunde ishirini na nane, nukta nne. Alikuwa wa pili. Msichana aliyekuja na dakika nne na nusu akapata ishirini na nane angeshangiliwa. Lakini huyu karatasi yake ilisema kumi na moja, kwa hiyo walimweka kitako wakamuuliza kwa nini anazembea. Akasema amekimbia nguvu zake zote. Wakamkimbiza tena baada ya siku mbili: ishirini na nane. Mara ya tatu: ishirini na tisa, maana alikuwa analia. Miaka ile neno la uvivu wa kusudi lilikuwa mgomo baridi, na ndilo waliloliandika. *Arudishwe mkoani. Ana kipaji kikubwa lakini anafanya mgomo baridi.* Wa tatu akapanda ndege badala yake.

Nakala ya barua hiyo ilimfikia Idarusi. Aliisoma mara mbili, akatikisa kichwa, akasema peke yake ofisini, "Vijana wa siku hizi." Kisha akaiingiza kwenye faili, na nikimtafutia neno la kumtetea hapa silipati.

Yakapita miaka minne. Serikali ikalegeza kamba na ruhusa ya biashara ikaingia. Yale yaliyokuwa yakifichwa chini ya vitanda yakatoka yakapangwa barabarani: sabuni za rangi, mitumba, redio za kaseti mbili. Kupitia mpaka wa Horohoro zikamiminika saa za plastiki kutoka Mombasa, na pamoja nazo stopwochi, nyeusi, za betri, zinazolia pi pi, zinazogawa sekunde si mafungu kumi bali mia. Kila mwalimu wa shule ya msingi akawa nayo moja. Muuza mayai ya kuchemsha wa barabara ya kumi na mbili alikuwa nayo. Idarusi akaendelea kuivaa ya kwake ya chuma, lakini hakuna aliyeomba tena kuishika, na siku moja mtoto wa shule alimuuliza kama ile ni dira.

Kilichobaki cha utukufu wake ni ubao. Kila mwaka wasichana wa mkoa walikimbia kuifukuzia ile kumi na moja nukta tatu, na kila mwaka waliishia mbali nayo, wakarudi majumbani wakijiona magoigoi.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba alikuwa ofisini akinywa chai wakaingia watu watatu. Wa kwanza alikuwa Mzee Manase, amekonda, kofia mkononi. Wa pili Praxeda, naye shingoni ana stopwochi ya plastiki. Wa tatu alikuwa mzee mfupi mwenye mkoba wa ngozi na saa mbili, moja kila mkono.

"Shikamoo mzee," alisema Praxeda.

"Marahaba mwanangu. Karibuni."

"Bwana Afisa," Manase alianza, na ilionekana ameyapanga maneno yake njiani, "huyu ni Mganga Uweso, katoka Horohoro. Mimi ni mzee wa kanisa, najua unachofikiri. Lakini mtoto huyu alikimbia ile kumi na moja, wewe mwenyewe ulipima. Tangu siku ile hairudii. Miaka minne kila jioni anakimbia, kila jioni saa inasema ishirini na nane, ishirini na nane. Mtu hawezi kupotewa na miguu hivihivi."

"Kachukuliwa unyayo," alisema Uweso. "Siku ile ile, uwanjani. Mtu kautoa mchanga wa mguu wake akaufunga. Na si mtu wa mbali. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Sisi tunamjua," alisema Manase. "Ni Anastazia, jirani yetu. Alikuwa amesimama kwenye mstari siku ile. Miaka minne sasa hatuazimani hata moto. Mwaka jana alifiwa na mumewe, sikwenda kuzika."

Idarusi alikunywa chai yake ikampalia. "Sasa mimi mnanitakia nini?"

"Utuonyeshe mahali," alisema Uweso. "Unyayo ulipokatika. Wewe ndiye uliyekuwa na jicho pale. Nikipata mchanga wa mahali penyewe, mtoto atapona leo hii." Akaifunua mikono, akatazama saa zake mbili, moja akisema ya Kenya na nyingine ya Tanzania, ingawa nchi hizo zina saa ile ile. "Lakini utuonyeshe sawasawa, bwana mkubwa. Dawa hii kali. Ikimwagwa pasipo pake, humrudia aliyeonyesha."

Huyu alikuwa mtu aliyesoma Ujerumani. Alikwisha ulizwa kweli mbele ya watu elfu mbili akaikwepa, alikwisha ulizwa kwa barua ya serikali akaivisha kanzu. Lakini alipovisikia vibuyu vikigongana ndani ya mkoba ule, aliiogopa dawa. Aliwaza figo zake, macho yake, na miaka miwili iliyobaki kufikia kustaafu. Akasimama.

Walipofika Raskazone uwanja ulikuwa mtupu, mbuzi watatu wanakula majani. Manase akaenda moja kwa moja hadi penye mvinje mkubwa, ulipokuwa mstari wa kumalizia, akaanza kupiga magoti.

"Siyo hapo," alisema Idarusi.

Alitembea hadi mbele ya nguzo ya goli ya upande wa baharini. Chuma kilikuwa kimeliwa na chumvi. Akaonyesha chini kwa kidole.

"Ni hapa."

Uweso akachuchumaa bila kuuliza, akatoa kisu na kitambaa chekundu. Lakini Praxeda hakusogea.

"Mzee, mbona mstari ulikuwa kule kwenye mvinje?"

"Chimbeni hapa tu, mwanangu."

"Hapa nilikuwa bado sijafika." Aliitazama nguzo, akautazama mvinje, na uso wake ukaanza kubadilika. "Nakumbuka. Nilipopita hapa niliinua macho nione mstari uko wapi. Nikakuona wewe umeinama, unampa mtu mkono."

Idarusi akageuka akatazama bahari.

Praxeda alivua ndala. Aliishika stopwochi yake ya plastiki, akarudi nyuma hatua kumi, akaja kwa kasi, na alipoifikia nguzo saa ikalia pi. Aliwapita wote watatu, mbuzi wakatawanyika. Hakukimbia kama mtu mwenye hasira. Alikimbia kama siku ile, mabega yametulia. Penye mvinje saa ikalia tena. Akarudi akitembea, anahema, macho kwenye kioo kidogo.

"Kumi na saba nukta mbili," alisema. Alihesabu kwa midomo, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya msiba. "Kumi na moja nukta tatu, na kumi na saba nukta mbili. Ishirini na nane nukta tano."

Uweso alikuwa ameinua kisu hakijagusa mchanga.

"Kumbe sikupungua," alisema Praxeda. "Baba, sikupungua hata kidogo. Nilikuwa ishirini na nane siku ile, na kule Dar ishirini na nane, na jana ishirini na nane." Akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka na cheko bado lipo usoni. "Miaka minne namkimbiza mtu nimkamate, kumbe hakuna mtu. Walitaka chini ya dakika nne na nusu, mzee. Nilikuwa nayo. Ilikuwa inatosha!"

"Mwanangu, siku zile mambo yalikuwa..." Idarusi alianza.

"Mwambie baba."

"Praxeda..."

"Mimi nimeshaelewa. Mwambie yeye. Yeye ndiye asiyemsalimu Mama Anastazia."

Mganga alikwisha kunja kitambaa chake. Hakuonekana kama mtu aliyeshindwa. "Nilisema alikuwepo uwanjani," alinong'ona, "na nilisema si wa mbali," akaufunga mkoba.

Idarusi amesema kwenye vipaza sauti tangu ujana wake. Ametangaza washindi, amesoma risala, amewakaribisha wageni wa kila cheo. Pale mbele ya mkata mkonge mmoja maneno yalimtoka kama mtoto anayetapika.

"Mzee Manase. Mwanao hakurogwa na mtu. Mimi ndiye niliyesimamisha saa. Nilisimamisha kabla hajafika, nikautangaza muda ulioishia hapa. Na waliponiuliza kwa barua, nikathibitisha."

Manase alibaki amekunja kofia yake. Mtu angetegemea atukane, na Idarusi alimwomba Mungu moyoni amtukane yaishe. Lakini mzee alikuwa bado anajaribu kuelewa, kama anavyojaribu mtu aliyeibiwa kuelewa mwizi aliingilia wapi.

"Kwa nini uliisimamisha?"

"Nilikuwa napeana mkono na mgeni rasmi."

"Alikuwa nani?"

Idarusi akafungua mdomo. Aliikumbuka suti. Alikikumbuka kiganja, laini, na swali la habari za familia. Tangu siku ile walikwisha pita wageni wengine saba au wanane, na yule wa siku ile alihamishwa kabla mwaka haujaisha, kwenda wapi hakujua. Alitafuta jina huku watu watatu wakimsubiri, akatafuta tena, na hakulipata.